Kutazama Viumbe wa Dar es Salaam: Mikokoni, Bwawani na Msituni

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, ambako bado umesalia msitu wa asili wa pwani, unapita katikati ya makazi ya watu hadi bonde la Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salenda. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam ana msitu, maji baridi na maji chumvi ndani ya safari ya daladala mbili au tatu, na hahitaji kusubiri hadi apate nauli na likizo ya kwenda Mikumi ndipo aanze kuwajua viumbe wa porini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye mtaalamu, mwenye asubuhi moja huru kwa wiki na subira ya kukaa kimya.

Jambo la kwanza, ambalo kwa maoni yangu linazidi mengine yote kwa uzito, ni kuchagua mahali pamoja na kuparudia. Wanaoanza hupenda kuzunguka: leo Kunduchi, wiki ijayo Pugu, baadaye Kigamboni, na mwisho wa mwaka wana orodha ndefu ya majina lakini hawajui lolote kuhusu mahali popote. Mtu anayerudi kwenye hori lile lile, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, katika kusi na kaskazi, siku za maji makubwa (bamvua) na za maji madogo (maji mafu), hutambua upesi nani ni mwenyeji, nani mgeni wa msimu, na nani ametoweka. Mkazi wa Kunduchi au Ununio ana mikoko na mabwawa ya chumvi. Wa Mbagala, Kongowe au Kigamboni ana hori la Mzinga. Anayeishi karibu na Chuo Kikuu ana vichaka na miti ya Mlimani. Wa Gongo la Mboto yuko jirani na Pugu. Na aliye katikati ya mji anaweza kuanza katika Bustani ya Mimea, ambayo ni urithi wa wakati wa utawala wa Wajerumani. Usichague mahali pazuri kuliko pote, chagua unapoweza kufika bila shida, kwa sababu mahali pa mbali utapaacha mvua za kwanza zikianza.

Vifaa na ruhusa

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Darubini ni msaada mkubwa, na inayofaa ni ile iliyoandikwa 8x42 au inayokaribia hapo: namba ya kwanza ni kiasi cha kukuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zile zinazotangazwa kuwa zinakuza mara 20 au zaidi hazifai kushikwa kwa mkono, maana kila mtikisiko wa mkono nao hukuzwa. Ukinunua iliyotumika, itazame kwa ndani ukiielekeza kwenye mwanga, kwa kuwa unyevu wa pwani huotesha ukungu katikati ya vioo na ukungu huo hausafishiki kirahisi. Ongeza daftari dogo, penseli (wino wa kalamu hutawanyika ukilowa), lenzi ndogo ya kukuzia, kofia, maji ya kunywa na mabuti ya mvua. Simu inatosha kwa picha za karibu na kwa kurekodi sauti.

Nguo ziwe za rangi iliyofifia, kama vile kahawia, kijivu au kijani kibichi kilichochuja. Zisiwe za mabaka ya kijeshi hata kidogo, maana raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, na mtu mwenye mabaka na darubini vichakani atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Kwa sababu hiyo hiyo usielekeze darubini wala kamera kwenye kambi, bandari au majengo ya serikali, hata kama tai ametua juu ya paa lake.

Kabla ya kuanza kwenda mara kwa mara mahali palipo karibu na makazi, jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa mjumbe. Mazungumzo ya dakika tano huondoa minong'ono ya wiki nzima kuhusu mgeni anayechungulia watu, na mara nyingi mzee huyo huyo ndiye atakayekuambia mahali kenge anapoota jua na njia ambayo vibaka huipenda. Msitu wa Pugu, ambao sasa uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia kuna utaratibu wake wa ada na mwongozaji. Pori la Akiba la Pande, upande wa magharibi wa mji, nalo lina utaratibu wake. Nenda na mwenzako, na umwambie mtu wa nyumbani mlikokwenda na saa ya kurudi.

Mikokoni: mambo hufuata maji

Kwenye hori, saa ya ukutani haikusaidii mpaka uijue saa ya maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa hadi chini kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa kumi na saa kumi na moja. Siku za maji mafu mpangilio hugeuka, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Ukilijua hilo, kalenda yenye miandamo ya mwezi inatosha kupangia ziara ya mwezi mzima, ingawa jedwali la maji la bandari ni sahihi zaidi.

Anayetaka kuona kaa na wanyama wa matope afike wakati maji yanaondoka. Simama kwanza mahali pakavu, au kaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, usitikisike. Tope ambalo lilionekana kuwa tupu litaanza kutoboka: kwanza jicho, kisha gando, kisha kaa mzima. Kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa kupita kiasi ndio wa kuanzia, kwa kuwa huonyesha tabia zao waziwazi. Dume hupunga gando hilo kumwita jike na kuwatisha madume wenzake, wala hawezi kulitumia kula. Hula kwa gando dogo, akichota tope, akichuja chakula na kutema vidonge vidogo vinavyozunguka tundu lake. Jike, mwenye magando madogo mawili, hula kwa mikono yote miwili, na ukihesabu anavyopeleka tope kinywani utaona tofauti hiyo ya mwendo. Ukipitisha kivuli chako juu yao wote huingia mashimoni. Hesabu inapita muda gani kabla ya wa kwanza kutoka, kisha urudie siku ya jua kali na siku ya mawingu, na tayari una swali la kuchunguza lisilogharimu chochote.

Katika tope hilo hilo kuna samaki wadogo wenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa, ambao hutembea kwa mapezi na kuparamia mizizi. Hupumua kupitia ngozi yao yenye unyevu na kwa utando wa ndani ya kinywa, ndiyo maana hujigeuza kwenye vidimbwi mara kwa mara ili wasikauke. Anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani ni vyura, nami simlaumu.

Miti yenyewe pia isomwe. Mlilana husimama upande wa bahari. Mkoko hutambulika kwa mizizi yake iliyopinda kama miguu na kwa mbegu ndefu za kijani ambazo huchipua zikiwa bado mtini kisha zikadondoka. Mkandaa na msinsi huwa ndani zaidi. Na mchu, ambao hustahimili hali nyingi, hupatikana kingo zote mbili na huchomoza mizizi wima ya kupumulia. Geuza jani la mchu asubuhi ya kiangazi uliguse kwa ulimi: utaonja chumvi ambayo mti umeitoa. Tazama bila kukata hata tawi, maana mikoko inalindwa kisheria.

Anayetaka ndege afanye kinyume, afike muda wa saa mbili hivi kabla ya maji kujaa. Maji yanapopanda, vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, waliotawanyika mbali huko kwenye fungu la mchanga husogezwa hatua kwa hatua hadi karibu na mtazamaji, kisha huruka kwa pamoja kwenda kupumzika mahali pakavu, mara nyingi kwenye mabwawa ya chumvi. Kuanzia Septemba hadi Aprili wengi wao ni wageni. Kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, huzaliana Siberia kaskazini kabisa, naye huja kula hapa wakati kwao barafu imefunika kila kitu. Sululu, mkubwa zaidi na mwenye mdomo uliopinda sana, hufukua kaa mashimoni. Wachache, hasa vijana ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa, hubaki hata wakati wa kusi, kwa hiyo usishangae kumwona kitwitwi mwezi wa Julai, mwandike.

Kuhusu yangeyange, usiandike tu jina hilo ukaridhika. Anayefuata ng'ombe na kuzagaa majalalani ana mdomo wa manjano na shingo fupi. Anayesimama majini, mwembamba, mwenye mdomo na miguu myeusi lakini vidole vya manjano, ni wa aina nyingine. Na katika pwani yetu kuna jamii ambayo baadhi yao ni weupe na baadhi ni wa kijivu cheusi, wakila pamoja kwenye miamba. Tazama mdomo, miguu na vidole, kwa mpangilio huo, kabla hajaruka.

Usalama wa horini ni mambo mawili. Maji yanayojaa hukuzunguka kwa nyuma kupitia vijito vidogo kabla hujaona yakipanda mbele yako, kwa hiyo anza kurudi mapema. Na sehemu za chini za Msimbazi zinabeba taka za mji mzima: tazama kutoka ukingoni au darajani, usiingie na usishike maji yake.

Bwawani

Mabwawa ya mji huu ni ya kila namna: bwawa la Minaki huko Pugu, mashimo ya machimbo ya kokoto yaliyojaa maji huko Kunduchi na Boko, na madimbwi ya msimu ambayo hudumu toka masika hadi Julai. Kingo za mashimo ya kokoto huporomoka, kwa hiyo yatazame kwa mbali. Pengine pana mamba au kiboko bila kibao chochote cha onyo. Waulize wavuvi na wachota maji kabla ya kusogea.

Kaa jua likiwa mgongoni mwako. Anza kwa kutazama juu ya maji, penye yungiyungi, ambapo ndege mwenye vidole virefu mno, Actophilornis africanus, hutembea juu ya majani bila kuzama. Kwa ndege huyu ni dume anayelalia mayai na kulea, na vifaranga wakiogopa huwabeba chini ya mbawa zake, miguu yao ikining'inia nje. Kisha tazama kwenye matete, wanapojenga minana, ndege wanaofuma viota vyao. Dume hufuma, jike hukagua. Kiota cha kijani ni kipya na bado kinatafutiwa mpangaji, wakati kilichokataliwa hunyauka, na mara nyingi dume mwenyewe hukibomoa. Kuhesabu viota vya kijani na vya kahawia kila wiki katika vuli hukuonyesha vizuri jinsi koloni inavyoendelea.

Ili kuona walio chini ya maji, funga chujio la jikoni kwenye fimbo ndefu, chota taratibu pembeni mwa majani, na umwage ndani ya beseni jeupe lenye maji ya bwawa lile lile. Mikono na miguu isiguse maji. Konokono wadogo wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi nzima bila jeraha, na bwawa linaloonekana safi halina tofauti kwa hilo. Ndani ya beseni utaona viluwiluwi vya mbu: vile vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya Anopheles, jamii ambayo baadhi yake hueneza malaria, na vile vinavyoning'inia kwa mshazari ni vya jamii nyingine, kama Culex. Utaona pia watoto wa kereng'ende, wazito na wa rangi ya tope, ambao hutupa taya lao mbele ghafla na kunasa viluwiluwi hao. Wakishakua hupanda kwenye tete, hupasua gamba na kuliacha limeshikilia. Magamba hayo matupu ni ushahidi kuwa bwawa linazalisha kereng'ende na si la kupita tu. Makundi makubwa ya kereng'ende wa rangi ya dhahabu yanayotokea angani mvua za vuli zinapokaribia huwa na Pantala flavescens, mdudu ambaye watafiti wanaamini huvuka Bahari ya Hindi akisaidiwa na upepo. Ukimaliza, rudisha kila kitu pale ulipokichota.

Mvua kubwa zikianza, angalia matawi yaliyoinama juu ya maji. Donge la povu jeupe ukubwa wa ngumi si mate ya shetani wala uchafu wa ndege. Ni kiota cha chura wa mitini, Chiromantis xerampelina. Mayai hukua ndani ya povu, na baada ya siku chache watoto hudondokea majini. Usiku wake rudi na tochi uliyoifunika kwa kitambaa chekundu, urekodi milio kwa simu kwa dakika mbili, kisha usikilize nyumbani kwa utulivu ukitenganisha sauti moja moja.

Msituni

Msitu ni mgumu kwa anayeanza, kwa kuwa viumbe husikika zaidi kuliko kuonekana. Ingia mapema, baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, tembea hatua chache, simama robo saa, tembea tena. Hondohondo hutangulia kusikika kwa mbawa zao kabla ya sauti. Kima hujulikana kwa matawi yanayotikisika bila upepo. Mnyama wa kutafutwa kwa bidii huko Pugu ni sange, Rhynchocyon petersi, mwenye pua ndefu inayochezacheza, mbele wa rangi ya kutu na nyuma mweusi, anayefukua majani makavu kutafuta wadudu. Ukisikia majani yakikwaruzwa kwa vituo vifupi vifupi, usimkimbilie. Kaa chini na usubiri. Komba ni wa usiku na macho yake hung'aa kwenye tochi. Popo waishio ndani ya mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini (udongo mweupe) watazamwe kutoka nje wakati wa magharibi wanapotoka, bila kuingia.

Hatari za msituni ni za kawaida. Usipeleke mkono mahali ambapo jicho halijatangulia, maana nyoka wa kijani mwenye sumu kali wa pwani yetu hukaa kwenye miti, miembe ikiwemo. Kagua kupe ukirudi. Epuka maganda ya upupu wakati wa kiangazi. Siafu wakikukuta, ondoka njiani mwao, kisha tazama kwa mbali: ndege wa msituni huwafuata kula wadudu wanaokimbia.

Daftari

Bila daftari, yote hayo ni matembezi mazuri tu. Kila ziara iandikwe tarehe, mahali, saa ya kufika na kuondoka, hali ya hewa, na hali ya maji kama ni horini. Amua mapema utatumia mfumo gani wa saa, kwa sababu saa 1:20 ya daftarini na 07:20 ya kwenye simu ni wakati mmoja, na ukizichanganya hutajua baada ya mwaka ipi ilikuwa asubuhi. Andika ulichokiona kabla ya ulichokidhani: "ndege mdogo wa buluu, mdomo mwekundu, ametua kwenye mchu, amepiga mbizi mara tatu, samaki mmoja" ni maandishi yenye thamani hata kama baadaye utagundua kuwa huyo mdiria ni wa aina nyingine. Idadi iandikwe hata ya kukadiria, na kutokuona kuandikwe pia. Ukienda Kunduchi mwezi wa Novemba usimwone sululu hata mmoja, hiyo ni taarifa.

Daftari pia hupima yale tunayoyasikia. Wengi wanaamini kuwa tipitipi akilia mvua iko karibu. Andika kila siku uliyomsikia na kila siku iliyonyesha, kwa masika na kiangazi, kisha uzilinganishe mwenyewe.

Asiyeweza kutoka wiki fulani ana kunguru dirishani. Kunguru mwenye shingo ya kijivu ni wa asili ya India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka, akaenea hadi bara. Mwenyeji wetu ni yule mwenye kifua na kola nyeupe. Hesabu wote wawili kwa nusu saa kutoka barazani, na uandike kila mara yule wa kijivu anapovamia kiota cha ndege mdogo, jambo analolifanya sana na ambalo ni moja ya sababu za mamlaka kuendesha kampeni za kumpunguza.

Taarifa zikishakusanyika, zinaweza kupakiwa kwenye programu kama iNaturalist au eBird, ambako wengine husaidia kuhakiki jina na watafiti huzitumia. Hapo jihadhari na jambo moja. Picha ya simu mara nyingi hubeba mahali ilipopigwa, na kiota cha tai au maficho ya kinyonga yakijulikana, wapo watakaokwenda kuwakamata kuwauza. Zima kipengele cha mahali kabla ya kupiga picha ya kiota, chagua kuficha mahali halisi unapopakia, na kwenye makundi ya WhatsApp taja mtaa tu, usitaje mti.